Mtoto Atamkimbilia Nani?

  Tunajua ya kuwa saa hii wengine mnawasha jiko, wengine mnawatayarisha watoto, na wengine mko safarini. Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo tunataka kuzungumza juu ya huduma ya kwanza, yaani msaada anaopewa mtu aliyeumia au kuugua ghafula kabla hajafika kwa daktari. Na hasa tutazungumza juu ya namna ya kuwafundisha watoto wetu wadogo jambo hilo. Labda mmoja wenu atauliza, "Mchungaji, hilo ni neno la kanisa au ni neno la hospitali?" Mtuvumilie kidogo, nanyi mtaona.

Siku moja tuliitwa nyumbani kwa jamaa mmoja wa kanisa letu. Mama wa nyumba alikuwa amekwenda kuteka maji, akawaacha watoto wawili, mvulana wa miaka 7 na dada yake wa miaka 2. Chini ya meza palikuwa na chupa ya soda, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa. Yule mdogo aliiona chupa, akadhani ni soda, akanywa. Akakohoa, akalia. Kaka yake akafanya nini? Aliichukua ile chupa akaificha nyuma ya choo, akampangusa dada yake mdomo, akanyamaza kimya. Mama aliporudi alimkuta mtoto amelala, akafikiri ni usingizi wa mchana. Saa zikapita, mpaka pumzi za mtoto zikaanza kuwa nzito, na mama alipomwinamia akasikia harufu ya mafuta. Hapo ndipo alipokimbizwa hospitali. Twamshukuru Mungu, mtoto alipona baada ya kulazwa siku nyingi. Lakini tulipoketi na yule mvulana tukamwuliza kwa upole kwa nini hakumwambia mama yake, alijibu, "Niliogopa kupigwa."

Ndugu zangu, jibu hilo hatujalisahau. Mtoto yule hakukosa upendo, maana alimpangusa dada yake mdomo. Wala hakukosa akili, maana alijua ya kwamba ile chupa ndiyo yenye shida. Alikosa mambo mawili. Hakuna aliyemfundisha la kufanya, tena hakuwa na mtu wa kumkimbilia bila hofu.

Sasa tufungue Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya pili. Habari hii mnaijua. Mfalme wa Misri ameamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama mmoja amemtia mtoto wake katika kikapu, amekiweka kwenye majani kando ya mto. Lakini hakumwacha peke yake. Palikuwa na msichana, dada yake yule mtoto, ambaye kwa desturi twamwita Miriamu. Tazameni alivyofanya. Hakujitupa majini. Alisimama mbali kidogo, akaangalia. Binti Farao alipokuja na kukiona kikapu, yule msichana hakukimbia wala hakujificha. Alikaribia, akasema maneno machache yenye maana, akiuliza kama aende kumtafuta mwanamke wa kumnyonyesha mtoto. Alipopewa ruhusa, alikwenda mbio kumwita mtu mzima aliyefaa, naye alikuwa mama yake mwenyewe. Hivyo Musa akaokoka, na kwa Musa taifa zima likaokoka.

Basi katika habari hiyo tunaona mambo matatu ambayo mtoto yeyote anaweza kujifunza. La kwanza ni kutazama. La pili ni kuita. La tatu ni kusaidia kwa kadiri ya mikono yake. Tazama, ita, saidia. Ni maneno matatu tu, na mtoto wa miaka 5 anaweza kuyahesabu kwa vidole.

Pengine wasema, "Mtoto mdogo ataweza nini?" Kwanza, tukubali ya kuwa katika nyumba zetu nyingi mtoto ndiye anayekuwapo hatari inapotokea. Baba yuko kazini, mama yuko shambani au sokoni, na dada wa miaka 8 ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Hatumwulizi kama anaweza. Tumekwisha kumpa kazi ya mlinzi. Pili, wataalamu wameona kwamba watoto wanaweza. Nchi ya Norwei iliweka huduma ya kwanza katika masomo ya shule tangu mwaka 1961. Na mwaka 2011 watafiti wa nchi hiyo hiyo waliandika habari za watoto 10 wa miaka 4 na 5 waliofundishwa huduma ya kwanza katika shule ya chekechea. Miezi miwili baadaye, wengi wao walikuwa bado wanakumbuka namna ya kumtambua mtu aliyezimia, na nambari ya simu ya kuita msaada. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani nalo liliunga mkono shauri la kuwafundisha wanafunzi kuanzia miaka 12, kwa saa 2 kila mwaka, namna ya kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Kazi hiyo ya kusukuma kifua yataka nguvu, kwa hiyo ni ya wakubwa kidogo. Lakini wadogo nao wana sehemu yao.

Tuanze na neno la kwanza, TAZAMA. Maana yake ni kwamba mtoto asimame kwanza, aone kama mahali pale pana hatari hata kwake. Mwenzake ameanguka katika bwawa au mtoni? Asiingie majini. Mara nyingi mtu anayezama humshika kwa nguvu anayemkaribia, na wote wawili huzama. Mfundisheni kupiga kelele akiwa nchi kavu, kisha amnyoshee mwenzake fimbo ndefu huku yeye mwenyewe amelala kifudifudi, au amtupie mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko, maana mtungi huo huelea. Mtu amenaswa na umeme? Asimguse hata kidogo, bali aite mtu wa kuzima umeme. Nyumba inaungua? Atoke nje, asirudi ndani kuchukua kitabu wala kiatu, na asijifiche chini ya kitanda. Nguo zake zimeshika moto? Asikimbie, kwa sababu upepo huuchochea moto. Asimame, ajifunike uso kwa mikono, alale chini na kubingirika mpaka moto uzimike.

Wala somo hili si la watoto tu. Tunakumbuka tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakusanyika kuteka mafuta. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba mahali palipomwagika petroli si pa kukaribia, atakuwa mtu mzima anayejua hivyo.

Neno la pili ni ITA. Hili ndilo kubwa kwa mtoto mdogo kuliko yote. Apige ukelele, akimbilie mtu mzima aliye karibu, aseme mambo matatu: nani ameumia, ameumizwa na nini, na yuko wapi. Mzoezeni kusema hivyo kwa sauti, maana mtoto mwenye hofu hulia tu, na jirani hajui kama analilia chapati au analilia uhai wa mtu. Mwonyesheni nyumba mbili au tatu za kukimbilia: kwa nani kuna mtu mchana, kwa nani kuna pikipiki au gari, na njia ya kwenda kituo cha afya. Mfundisheni jina lake kamili, majina yenu wazazi, jina la kijiji au mtaa, na kitu kikubwa kilicho karibu, kama vile kanisa, shule au soko. Watoto wengi humjua mama yao kwa jina la "Mama" tu, na hilo halimsaidii mgeni anayetaka kuwafikisha nyumbani.

Kadhalika mfundisheni nambari yenu ya simu kwa moyo. Iimbeni kama wimbo wakati wa kuoga, naye ataijua kabla ya mwezi kwisha. Katika Kenya nambari za kuita msaada wa hatari ni 999 na 112. Mweleze mtoto ya kuwa nambari hizo si za mchezo, maana anayezipiga kwa mzaha huenda akaizuia simu ya mtu anayekufa.

Neno la tatu ni SAIDIA. Hapa tuwe waangalifu, tusimtwike mtoto mzigo wa daktari. Tumpe machache, lakini yawe ya kweli. Maana, ndugu zangu, katika nyumba nyingi huduma ya kwanza tunayoifanya sisi wakubwa yenyewe ni makosa, na watoto hutuiga.

Chukueni habari ya kuungua. Mtoto amemwagikiwa na chai au uji wa moto. Wengi wetu hukimbilia dawa ya meno, wengine samli, wengine unga au yai. Tuache. Vitu hivyo hushikilia joto ndani ya mwili na huweza kuleta uchafu katika kidonda. Dawa ya kwanza ya kuungua ni maji safi ya baridi, yakipita juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, chukua kikombe, umimine maji polepole, uyakinge katika beseni safi, uyamimine tena. Usitumie barafu. Vua nguo au bangili iliyo karibu na jeraha, isipokuwa imeganda kwenye ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi, umpeleke mtoto kituo cha afya. Mtoto wa miaka 6 hawezi yote hayo, lakini anaweza kujua neno hili moja: ameungua, maji.

Habari ya damu nayo ni hivyo hivyo. Panga limemkata mtu, damu yatoka. Mtoto achukue kitambaa safi, kanga au shati, ampe yule aliyeumia akandamize jeraha kwa nguvu, na asiwe anafunua kila mara kutazama. Damu ikitoka puani, mtoto aketi, ainamishe kichwa mbele, wala si nyuma, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 huku akipumua kwa mdomo. Tukikilaza kichwa nyuma, kama tulivyozoea, damu huingia kooni.

Na mafuta ya taa, ambayo tulianza nayo? Hapa tusikilizane vizuri. Mtu aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Asipewe maziwa, wala chumvi, wala mafuta ya kupikia. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia katika mapafu, na mtoto anapotapika ndipo yanapopata njia ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa mafuta, umpeleke hospitali upesi, na uichukue ile chupa ili daktari aone ni kitu gani. Lakini bora zaidi, leo hii, kabla ya jua kuchwa, yaondoe mafuta ya taa katika chupa za soda. Yatie katika chombo chenye kifuniko kigumu ambacho hakifanani na cha kinywaji, ukiweke juu, mahali mtoto hafikii. Dawa za ng'ombe na dawa za shambani ni vivyo hivyo.

Jambo jingine ni kifafa. Katika shule zetu wako watoto wenye ugonjwa huo, na mara nyingi wenzao huwakimbia, kwa sababu wameambiwa na wakubwa kwamba povu la mgonjwa huambukiza, au kwamba ni pepo au laana. Sisi tulio wachungaji tuseme wazi: kifafa ni ugonjwa, hakiambukizi, na dawa zake ziko hospitali. Mtoto akimwona mwenzake ameanguka na kutetemeka, aondoe mawe na vitu vya ncha kali, amwekee sweta chini ya kichwa, aite mwalimu. Asimtie kijiko mdomoni, wala asimshike kwa nguvu. Kutetemeka kukiisha, alazwe ubavu ili mate yatoke. Kukipita dakika 5, ni lazima apelekwe hospitali mara moja. Na zaidi ya hayo, mwenzake akae karibu naye mpaka afahamu yuko wapi. Mtoto anayekaa karibu na mgonjwa wakati wengine wamekimbia amekwisha kuhubiri.

Basi tutawafundishaje? Si kwa kuwatisha. Mtoto akitishwa kila siku kwa habari za kifo hatajifunza, ataota ndoto mbaya tu. Tuwafundishe kwa mchezo, kidogo kidogo, jambo moja kwa juma. Leo mwanasesere ameungua, tumsaidieje? Jumamosi ijayo baba ajifanye amezimia sebuleni, mtoto akimbie kwa jirani aseme yale mambo matatu. Jirani naye aambiwe mapema, asije akaja na majirani wote! Walimu wa shule ya Jumapili wanaweza kutenga dakika 10 baada ya somo. Na kama walimu wenyewe hawajui, chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya na kile cha Mtakatifu Yohana hufundisha huduma ya kwanza. Kanisa lenye waumini 200 halishindwi kuwatuma watu wawili wakajifunze, kisha warudi kuwafundisha wengine. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Lakini sasa turudi kwa yule mvulana aliyeficha chupa, kwa sababu yote tuliyoyasema hayatafaa kitu kama hatutalitengeneza jambo lake. Hata tungalimfundisha nambari za simu na njia ya kwenda kwa jirani, bado angalinyamaza, maana aliogopa fimbo kuliko alivyoogopa mafuta ya taa. Alipima hatari mbili akachagua ile ndogo machoni pake. Mtoto hajui kifo, lakini fimbo anaijua.

Ninyi wazazi, tunawauliza kwa upendo, nasi tukijiuliza wenyewe: siku ile mtoto wako atakapovunja kitu, akachoma kitu, akaona mdogo wake amemeza kitu, miguu yake itamkimbiza kuja kwako, au itamkimbiza kujificha nawe? Usijibu haraka. Kumbuka juma lililopita alipovunja kikombe. Ulianza kuuliza kama amejikata, au ulianza kuuliza ni nani aliyekivunja? Mtoto husikia swali la kwanza, na kwa swali hilo hujua ni kipi kilicho cha thamani nyumbani, yeye au kikombe.

Hatusemi watoto wasirudiwe. Biblia inatuagiza tuwalee katika adabu na maonyo ya Bwana, lakini Mtume Paulo, katika hiyo barua kwa Waefeso, anawaonya pia akina baba wasiwachokoze watoto wao. Tunalosema ni hili: wekeni ahadi katika nyumba zenu. Mwite mtoto leo jioni, umwambie, "Mwanangu, siku ukiona hatari, hata kama wewe ndiwe uliyeileta, njoo uniambie mbio. Siku hiyo hutapigwa." Kisha uishike ahadi hiyo. Itakugharimu. Siku ikifika utakuwa na hasira na mkono wako utawasha. Lakini ukiivunja mara moja, mtoto hatakuja mara ya pili, na huenda hiyo mara ya pili ndiyo yenye uhai wa mtu ndani yake.

Je, si hivyo Mungu alivyotutendea sisi? Adamu alipokosa, alijificha katikati ya miti. Na tangu siku ile wanadamu tumekuwa hodari wa kuficha chupa nyuma ya choo. Tunaumwa, tena tunaficha kinachotuumiza. Lakini Mungu hakumwacha Adamu kichakani. Alikuja bustanini akimwita na kumwuliza alipo. Na mwishowe alimtuma Mwanawe, aliye kama yule Msamaria katika Luka sura ya kumi. Msamaria yule hakuanza kwa kumwuliza aliyejeruhiwa kwa nini alipita peke yake katika njia yenye wanyang'anyi. Alimkaribia, akamfunga jeraha kwa vile alivyokuwa navyo, akampeleka mahali pa kutunzwa. Mtoto anayeona kwenu mlango wa kukimbilia bila hofu atajifunza mapema kwamba na kwa Mungu upo mlango kama huo. Hilo ndilo neno la kanisa tulilowaahidi mwanzoni.

Kwa hiyo, mpendwa, leo fanya mambo mawili. Iondoe ile chupa chini ya meza. Na mwambie mtoto wako ile ahadi.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemlinda Musa mchanga kwa macho ya dada yake, twakushukuru kwa watoto uliotupa. Uwalinde na moto, na maji, na sumu, na hatari zote za mchana na usiku. Utupe sisi wazazi na walimu subira ya kuwafundisha, na uizuie mikono yetu wakati wa hasira. Uwaponye watoto walio hospitalini asubuhi hii kwa sababu ya ajali za nyumbani, na uwafariji mama zao wanaojilaumu. Utufanye nyumba zetu kuwa mahali pa kukimbilia, kama wewe ulivyo kimbilio letu. Twaomba hayo kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.